Saa Tisa na Dakika Kumi na Moja

Maneno yale niliyasikia kwa msusi, kichwa kikiwa kimeinamishwa na kitana kimekwama kwenye nywele, na tangu siku hiyo hayakunitoka. Kwamba maua ya harusi ya binti wa fundi wa kuchomelea, yaliyoletwa kwa ndege kutoka ng'ambo, yalifika yamekufa yote, eti kwa sababu shemeji yangu aliyahesabia safari ya saa sita na safari ikawa ya saa kumi na moja. Nani aliyaona hayo maua? Hakuna. Msusi kasikia kwa mteja, mteja kwa dada yake. Fundi mwenyewe alikuwa akikutana na shemeji barabarani anamwamkia kwa mikono miwili. Nikajiambia huu ni uvumi tu, watu hawapendi kumwona mwenzao anajua. Lakini ukanikaa kama pini iliyosahauliwa kwenye pindo la sketi. Huioni, ila kila ukikaa inakukumbusha.

Naandika haya kwa akina mama wenzangu. Mimi ni mshonaji wa nguo, nimesoma mpaka darasa la saba, na sioni haya kulisema. Niliyemwamini alisoma zaidi yangu, na yeye ndiye aliyepaswa kuona haya.

Shemeji huyu ni kaka mkubwa wa mume wangu. Ana duka la fotokopi, anapiga watu picha za pasipoti, anawatafutia tiketi na kuwachapia. Nyuma ya kiti chake kuna kalenda ya zamani ya kampuni ya magodoro, na kwenye kalenda hiyo kuna ramani ya dunia. Basi hiyo ndiyo elimu yake yote. Mtu ana mgeni anayekuja kwa ndege, anapita dukani kuuliza safari ni ya muda gani. Shemeji anatoa penseli sikioni, anaweka rula kutoka uwanja wa huko mpaka uwanja wa hapa, anafinya jicho moja kama mtu anayelenga ndege wa porini, halafu anabonyeza kalkuleta. Sentimita mara mia tano anapata kilomita. Kilomita gawanya kwa mia tisa, ambazo ni mwendo wa ndege kwa saa, anapata muda.

"Saa tano na dakika thelathini na saba," anasema.

Hizo dakika, jamani! Angesema "kama saa tano na kitu hivi," watu wangeuliza swali la pili. Lakini mtu aliyekutajia dakika thelathini na saba utamwuliza nini tena? Unaona kama alikuwa ndani ya ndege na rubani. Watu wakamwita Bwana Dakika. Jina la kumtania hilo, yeye akalichukua kama cheo na akaliandika mlangoni kwa rangi nyekundu.

Sasa niwaeleze jambo lililonipeleka kwake. Kitinda wangu, mtoto wa mwisho, ana miaka tisa na ana ugonjwa wa viungo. Magoti yake yakichachamaa yanakuwa kama maembe, hawezi hata kuchuchumaa. Kuna sindano anachomwa kila baada ya wiki mbili, na akichomwa anaruka kamba na wenzake huwezi kujua kama anaumwa. Sindano hizo zikaisha mjini kwetu. Hospitali hakuna, maduka ya dawa hakuna, kila ninapouliza naambiwa labda mwezi ujao. Dawa yenyewe ina masharti kama bibi harusi. Inataka ubaridi wa friji. Ikiganda imekufa, ikipata joto imekufa.

Wifi yangu, dada wa mume wangu, anafanya kazi ng'ambo ya kulea wazee. Akazipata huko sindano tatu. Na baba mkwe alikuwa ameenda kumtembelea, anakaribia kurudi. Mungu atupe nini tena! Wifi akatupigia kwamba duka la dawa linatoa masanduku ya kubebea ya aina mbili. Dogo linatunza ubaridi saa kumi na mbili, kubwa linatunza saa thelathini na sita. Mfamasia anataka kujua safari ni ya saa ngapi.

Tukakaa sebuleni, mimi, mume wangu na shemeji, simu iko mezani imefunguliwa sauti. Shemeji alikuja na kalenda yake ameikunja kama mkeka. Akaitandaza juu ya kitambaa changu cha meza, akaweka rula.

"Sentimita kumi na sita na nusu," akasema. "Kilomita elfu nane mia mbili na hamsini. Gawanya kwa mia tisa. Saa tisa na dakika kumi." Akafikiri kidogo, akainua kidole. "Na dakika kumi na moja, kwa sababu kuna dakika moja ya ndege kugeuza."

Dakika moja ya kugeuza. Na sisi watu wazima tukaitikia kwa vichwa.

"Na tiketi si nimeichapa mwenyewe?" akaendelea. "Mzee anaondoka saa nne usiku, anafika saa mbili asubuhi. Hesabuni kwa vidole. Saa nne mpaka saa kumi na mbili, nane. Ongeza mbili, kumi. Kumi za tiketi, tisa za rula, hiyo moja iliyozidi ni ya kupanda na kushuka ngazi."

"Kaka, huyo mfamasia alikuwa ananishauri nichukue kubwa," wifi akasema kule kwenye simu.

"Anataka kukuuzia huyo! Kubwa haliingii kwenye mkoba, mzee atalibeba mikononi kama mtu aliyefiwa. Chukua dogo. Mwambie Bwana Dakika kasema."

Mume wangu akacheka kwa fahari. Mume wangu ni fundi bomba, mtu wa maana kabisa mbele ya bomba lililopasuka, lakini mbele ya kaka yake anakuwa kama mtoto aliyetumwa chumvi. Na mimi? Mimi nilimwandalia shemeji chai.

Siku ya safari niliamka na ile pini ya msusi inanichoma. Saa sita zikawa kumi na moja. Saa sita zikawa kumi na moja. Na kitu kingine kikanijia. Baba mkwe wakati wa kwenda alitupigia simu alipofika, akalalamika kwamba miguu imevimba, kwamba alishushwa njiani akakaa kwenye benchi mpaka akasinzia, akapandishwa ndege nyingine, na kwamba ndani ya safari ile alilishwa mara nne. Sasa mimi ni mama, hesabu ya rula siijui, lakini hesabu ya kulisha watu naijua. Nani anakula mara nne ndani ya saa tisa?

Nikafunga cherehani, nikaenda dukani kwake. Kulikuwa na foleni ya watu wawili.

"Shemeji, shikamoo."

"Marahaba, mama Kitinda. Usiwe na wasiwasi, ndege haijaruka bado."

"Baba alisema alikula mara nne wakati wa kwenda."

"Baba anapenda kula."

Wale wawili kwenye foleni wakacheka.

"Alisema pia alishuka njiani akakaa kwenye benchi. Hiyo benchi umeipima?"

Akanitazama kama mwalimu anavyomtazama mtoto aliyekuja bila daftari. "Shemeji, kushuka si kuruka. Wewe uliniuliza ndege inaruka muda gani. Mimi nahesabu kuruka. Benchi ni mambo ya mzee na miguu yake."

"Lakini dawa haijui kuruka wala benchi, shemeji. Dawa inajua joto."

"Haya basi," akasema, akanisukumia rula juu ya meza, "pima wewe. Karibu. Si wewe unapima viuno vya watu?"

Wakacheka tena, na mmoja wao alikuwa amevaa suruali niliyomshonea mimi. Ningemjibu shemeji kwamba mimi kichwa cha mtu anayetaka kofia sikipimi kwa rula, nakizungushia futi laini, kwa sababu kichwa ni cha mviringo, na dunia nayo watoto wanafundishwa ni ya mviringo. Jibu hilo lilinijia nikiwa nimeshafika nyumbani. Ndivyo majibu yangu yanavyokuja, baada ya watu kwenda.

Ilikuwa saa sita kamili mchana wifi alipopiga. Nilikuwa uani naanua nguo, jua linachoma utosi, kivuli changu kiko chini ya miguu yangu.

"Wifi, tumeshafunga dawa, sasa hivi tunatoka kwenda uwanjani," akasema. "Ngoja niwashe taa ya nje, mzee asijikwae, giza limeingia."

Giza. Nikasimama na shuka la mtoto mkononi. Miaka minne wifi yangu huyu ananipigia akitoka kazini, ananiambia lala salama wifi, na mimi nina sufuria ya chakula cha mchana jikoni. Miaka minne tunacheka, mimi namwambia usiku mwema, yeye ananiambia mchana mwema. Na siku tuliyokaa na rula hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka.

"Wifi, huko saa ngapi?"

"Saa moja usiku."

"Hapa ni saa sita mchana."

"Najua, wifi, si siku zote— Mimi nilidhani kaka ameshalihesabu hilo."

Nikaingia ndani mbio. Kwenye meza ya kukatia kulikuwa na kitambaa cha bluu cha sare za shule. Nikachukua chaki ya kuchorea, nikaandika palepale juu ya kitambaa cha mteja. Sikutaka kilomita, sikutaka ramani. Nilitazama saa ya ukutani kwangu, moja tu. Wamefunga sasa hivi, saa sita mchana ya ukuta huu. Atafika saa mbili asubuhi ya ukuta huuhuu. Mpaka jioni, sita. Usiku mzima, kumi na mbili. Asubuhi, mbili. Ishirini. Hapo bado foleni ya uwanjani na njia ya kuja nyumbani. Sanduku ni la kumi na mbili.

Ile tiketi ilianza kwa saa ya ukuta wa wifi na kuishia kwa saa ya ukuta wangu, na yule mjuzi wetu alitoa moja kwenye nyingine kana kwamba ni ukuta mmoja. Saa saba zikapotelea katikati, na yeye akaongeza dakika moja ya kugeuza.

"Wifi," nikasema, "duka la dawa linafungwa saa ngapi?"

"Saa mbili. Bado saa nzima. Kwa teksi ni dakika ishirini. Niende?"

Akina mama, hapa ndipo mnisome vizuri. Hesabu ninayo, imeandikwa kwa chaki mbele yangu. Muda upo. Wifi yuko tayari, viatu miguuni. Na mimi nikasema nini?

"Ngoja nimwambie kaka yako kwanza."

Nikampigia mume wangu. Yuko chini ya sinki la mtu, sauti inatoka kama ya ndani ya pipa. Nikamweleza. Akaelewa, maana si mjinga. Akasema, "Sasa tukibadilisha bila kumwambia kaka ataona tumemdharau. Ngoja nimwulize." Akampigia. Simu inatumika. Akapiga tena, inatumika. Nilikuja kujua baadaye alikuwa anampimia mtu safari ya mjomba wake. Dakika kumi zikapita, zikapita ishirini. Wifi ananipigia, namwambia subiri. Baba mkwe nasikia huko nyuma anauliza kama wanasubiri mtu. Dakika thelathini na tano ndipo Bwana Dakika akapatikana, na jibu lake mume wangu akaniletea kama lilivyo, hata kulipaka asali hakuweza.

"Anasema mwambieni mshonaji arudi kwenye cherehani yake."

"Na wewe unasemaje?"

Maji yanadondoka kwenye ndoo ya watu. "Kaka ndiye anayejua mambo ya ndege, mama Kitinda."

Nikakaa kwenye kiti changu cha kushonea. Kitinda alikuwa ameketi kizingitini, mguu mmoja ameunyoosha kwa sababu haukunjiki, anamvisha mwanasesere vipande vya vitambaa vyangu. Nikamtazama goti. Saa saba kasoro robo, nikampigia wifi bila kumwuliza mtu. "Nenda! Nenda sasa hivi, chukua kubwa!"

Akaenda. Ni mtu mwema wifi yangu, alikimbia na mzee wa watu na mabegi. Walifika mlango umefungwa, taa zimezimwa, na ndani mfamasia anaonekana kwa mbali anavaa koti. Wifi akagonga kioo. Yule akaonyesha saa yake ya mkononi, akatikisa kichwa, akatokea mlango wa nyuma. Walichelewa dakika sita. Hizo si za rula, hizo alizihesabu wifi akilia.

Baba mkwe akapanda ndege na sanduku dogo. Wifi alimwagiza aombe wahudumu wamsaidie ubaridi. Akaomba. Akaletewa glasi ya soda yenye barafu. Akainywa. Angefanya nini, mzee wa miaka sabini na nne, lugha yenyewe ni ya kuonyeshana vidole?

Asubuhi tulikwenda kumpokea, mimi, mume wangu, na shemeji amefunga tai. Ndege ilitua saa mbili na dakika tatu. Shemeji akainua mkono wenye saa juu, watu wote wauone.

"Si nilisema saa mbili? Nani alikuwa anabisha hapa?"

Mtu aliyepatia saa ya kufika ndiye huyohuyo aliyekosea urefu wa safari, na hakuona kwamba hayo ni mambo mawili. Mpaka leo hajaona. Alimpa baba yake mkono, akamwambia karibu nyumbani, umesafiri saa tisa na dakika kumi na moja. Baba mkwe akamtazama kwa macho mekundu, akasema, "Mwanangu, nimekula mara nne."

Juu ya sanduku kulikuwa na kibandiko kidogo, cheupe kama ni baridi, kinachogeuka chekundu dawa ikipata joto. Kilikuwa chekundu. Nilijidanganya kwamba ni cha pinki. Tukaenda nalo hospitali hivyohivyo. Muuguzi alifungua, akagusa vibarafu vya kutunzia ubaridi, vimeshageuka maji, akasoma kibandiko, hakusema neno baya hata moja. Akachukua sindano tatu, moja moja, akazitumbukiza kwenye boksi la kutupia. Kila moja ililia *tak*. Tatu.

Shemeji alipoambiwa alisema ndege lazima ilipita kwenye joto.

Wiki saba zilipita mpaka akapatikana msafiri mwingine. Kwa wiki saba nilimbeba Kitinda mgongoni kwenda shule, mtoto wa miaka tisa, miguu inakaribia kuburuza chini. Wenzake wakampa jina la Bibi kwa ajili ya fimbo aliyotembelea. Alicheka nao. Nyumbani hakucheka. Jioni moja namkanda magoti kwa kitambaa cha moto, akaniuliza.

"Mama, wewe ulijua dawa itaharibika?"

"Nilijua."

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Nilisema, mwanangu."

"Ulimwambia nani?"

Nikakichovya tena kitambaa kwenye maji ya moto. Nilimwambia kila mtu kabla ya yule aliyekuwa na sanduku. Tulifundishwa kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nililisikia la mkuu, na guu lililovunjika ni la mwanangu.

Safari ya pili mzigo nilipanga mwenyewe, kwa saa ya ukutani, na wifi akatuma sanduku kubwa. Kibandiko kilifika cheupe. Kitinda ameanza tena kuruka kamba, ingawa goti la kushoto bado halikunjiki mpaka mwisho, na muuguzi anasema tusubiri tuone. Mume wangu aliukunja uso siku nyingi, sasa umekunjuka. Shemeji bado yuko pale, kalenda ya magodoro bado iko nyuma yake, foleni bado ipo. Nasikia siku hizi anaongeza dakika mbili za kugeuza. Fundi wa kuchomelea alipopita kwangu juzi nilimwuliza maua ya harusi ilikuwaje. Akatazama huku na huku, akasema, "Yalikuwa kama majani ya chai, mama. Lakini utamwambia nini mtu mzima?"

Basi epukeni haya:

Mtu anayekutajia dakika kabla hujamwuliza amezipataje.

Kupima dunia kwa rula.

Kutoa saa ya kuondoka kwenye saa ya kufika, kama hujajua kule kuondoka kunahesabiwa kwa saa ya nchi gani. Tumia saa ya ukutani kwako mwanzo mpaka mwisho.

Kuhesabu kuruka peke yake. Hesabu benchi, foleni, mabegi, na njia ya kutoka uwanjani mpaka nyumbani.

Sanduku dogo.

Kumcheka mzee anapokwambia alikula mara ngapi.

Kuuficha ukweli kwa heshima, kama fundi wa kuchomelea na maua yake.

Kuomba ruhusa ya kumrekebisha mtu kwa mtu huyohuyo.

Kusema "ngoja."